Kidole, Maji na Umeme: Kwa Nini Kioo cha Simu Hukataa Kutii

Miongoni mwa vyombo vya kisasa vilivyoingia katika maisha ya kila siku, ni vichache vinavyofurahisha na kuudhi kwa wakati mmoja kama simu ya kupangusa. Kwa mguso mwepesi tu picha hufunguka, na kwa vidole viwili ramani ya nchi nzima hukuzwa hadi mtaa mmoja ukaonekana. Lakini mchuuzi wa samaki mwenye vidole vilivyolowa hupangusa mara tatu, mara nne, na kioo kikakaa kimya. Mkulima ambaye viganja vyake vimeota sugu kwa mpini wa jembe hubonyeza kwa nguvu zake zote, wala hajibiwi. Makala haya yanaeleza sababu ya ukaidi huo, na namna ya kuupunguza.

Kioo hakipimi nguvu

Watu wengi hudhani kwamba kioo huhisi uzito wa kidole. Sivyo. Katika simu nyingi za leo, kioo hupima umeme, na mwili wa mtumiaji ni sehemu ya kipimo hicho.

Wanafunzi wa fizikia wanakifahamu kifaa kiitwacho kapasita: vipitishi viwili vya umeme vilivyotenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kifaa hiki huweza kuhifadhi chaji. Uwezo wake huongezeka eneo la vipitishi likipanuka, na hupungua umbali kati yao ukizidi.

Chini ya kioo cha simu umetandazwa wavu wa mistari myembamba isiyoonekana kwa macho. Mara nyingi mistari hiyo hutengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo hupitisha umeme na mwanga pia. Mingine imelala kwa urefu, mingine kwa upana, na kila inapopishana ni kapasita ndogo. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo ni kipitishi. Kidole kinapokaribia, huvuta sehemu ya uga wa umeme uliokuwa kati ya mistari, na kipimo cha mahali hapo hubadilika. Badiliko lenyewe ni dogo mno, na mara nyingi halifiki pikofaradi 1, yaani sehemu moja ya faradi iliyogawanywa mara milioni milioni. Hata hivyo, simu huukagua wavu mzima mara nyingi katika kila sekunde, nayo hutambua ni makutano yapi yaliyoguswa. Kwa kuwa kila makutano hupimwa peke yake, vidole viwili huonekana kwa pamoja.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1965 E. A. Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo ya kioo cha mguso kilichokusudiwa waongozaji wa ndege. Katika miaka ya 1970 Frank Beck na Bent Stumpe wa CERN, Geneva, walitengeneza vioo vya namna hiyo kwa ajili ya chumba cha kuendeshea mtambo wao mkubwa ulioanza kazi mwaka 1976.

Sababu za ukaidi

Kwanza ni maji. Tone likiangukia kioo huunganisha mistari iliyo jirani, na badiliko lililopaswa kuwa mahali pamoja hutapakaa. Simu hushindwa kujua kidole kiko wapi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko ya mvua, kwa hiyo huvuruga zaidi.

Pili ni ngozi. Ngozi kavu na nene hupitisha umeme kwa shida, na sugu huuweka mbali na kioo ule unyevunyevu ulio ndani ya kidole. Umbali ukizidi, badiliko hupungua. Kioo cha ziada cha kukinga, kikiwa kinene, huleta taabu hiyo hiyo.

Tatu ni chaja. Chaja duni isiyochuja umeme vizuri huyumbisha umeme wa simu nzima. Mtumiaji akigusa kioo, simu huweza kudhani imeguswa mahali pengi, na herufi zikajiandika zenyewe. Chomoa chaja, vurugu ikikoma, hapo ndipo penye kasoro.

Jaribio la darasani

Tumia simu ambayo haijaunganishwa na chaja. Gusa kioo kwa ncha ya kidole, kisha kwa ukucha, kisha kwa penseli kavu ya mbao. Funika kidole kwa kitambaa kikavu cha tabaka moja, halafu mbili, halafu nne, na uandike ni katika tabaka la ngapi kioo kimeacha kujibu. Mwisho, shika kwa mkono mtupu kipande cha sifongo chenye unyevu kidogo, uguse nacho. Kisha urudie ukiwa umekishika kwa mfuko mkavu wa plastiki. Wanafunzi waeleze tofauti wanazoziona kwa kutumia mambo mawili tu: eneo na umbali.

Faida ya kujua haya

Jambo hili si la mzaha. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, watumiaji wengi walikuwa na simu za vitufe, na kitufe humtii yeyote anayekibonyeza. Leo mzee ambaye kioo kimemkataa huona haya, akajihesabu mjinga, kisha akampa mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri. Kwa njia hiyo sugu za jembe huweza kumfungulia mwizi mlango wa akiba ya nyumba nzima.

Tiba zake ni nyepesi. Mzee asiongeze nguvu, bali aongeze eneo: aguse kwa tumbo la kidole, si kwa ncha. Kidole kikiwa kikavu sana, akipake unyevu kidogo sana. Kikiwa kimelowa, akifute pamoja na kioo. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuongeza wepesi wa mguso, nao hufaa kufunguliwa. Yote yakishindikana, simu ya vitufe bado hutuma na kupokea fedha.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili na amweleze babu au bibi yake kwamba kioo hakipimi akili ya mtu, na kwamba namba ya siri aiandike mwenyewe, hata ikimchukua dakika tano.