Kipindi cha Viungo na Mabinti Zetu: Matarajio ya Shule na Wajibu wa Nyumbani

Kila mwanzo wa muhula, wazazi wenye watoto katika sekondari ya msingi huletewa orodha ya mahitaji. Vitabu hununuliwa, sare hushonwa, viatu hutafutwa. Mwishoni mwa orodha hiyo huwapo mstari mmoja ambao aghalabu hupitwa haraka: nguo za michezo. Iwapo mwanafunzi ni mvulana, mstari huo huonekana jambo jepesi. Iwapo ni msichana, huzua maswali. Avae nini? Atakimbia mbele ya nani? Na kuna haja gani ya kukimbizwa uwanjani binti aliyekwisha kubaleghe?

Maswali haya ni ya haki na yastahili majibu. Linalosikitisha ni kwamba mara nyingi hayafikishwi kwa mwalimu. Hubakia nyumbani, na jibu lake huwa moja tu: binti akae chini ya mwembe, alinde mikoba ya wenzake mpaka kipindi kiishe. Wiki hufuatana, muhula humalizika, na miaka mitatu ya masomo huweza kupita hivyo hivyo pasi na mtu kuuliza ni kipi alichokikosa.

Somo lenyewe ni lipi

Gredi ya 7 ya kwanza ilianza masomo Januari 2023, chini ya mtaala wa umilisi ambao wengi wetu tumezoea kuuita CBC. Hapo mwanzo elimu ya viungo na michezo ilikuwa somo la peke yake. Mwaka 2024 masomo yalipopunguzwa hadi 9, iliunganishwa na sanaa, likawa somo moja la Sanaa Bunifu na Michezo. Kwa hiyo kipindi cha uwanjani si mapumziko wala si zawadi ya watoto waliomaliza kazi zao mapema. Ni sehemu ya somo lenye malengo, lenye mwalimu na lenye tathmini.

Tathmini hiyo hupimwa kwa matarajio. Mwanafunzi huandikwa kuwa amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo yanayompeleka mwanafunzi sekondari ya juu, ambako mojawapo ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Binti aliyeketi chini ya mwembe hana cha kuonyesha, na mwalimu hawezi kupima asichokiona.

Mwalimu anatarajia nini

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba somo hili ni la watoto wenye mbio au wenye kipaji cha mpira. Sivyo. Matarajio ya msingi ni ya adabu kabla ya kuwa ya misuli. Mwanafunzi atarajiwa kufika kwa wakati akiwa na nguo na viatu vinavyofaa. Atarajiwa kuvua saa, bangili na pete, ambazo huweza kumjeruhi yeye au mwenzake. Aanze kwa kunyoosha viungo, asikilize kipenga na maelekezo, ajifunze ustadi unaofundishwa, iwe ni kupokezana kijiti katika riadha au kurusha na kudaka mpira. Afuate kanuni za mchezo, amkubali kila mwenzake aliyepangwa naye, asimcheke aliyeshindwa, na mwishoni asaidie kukusanya vifaa.

Ukitazama kwa makini, mengi katika hayo ndiyo tunayowafunza watoto nyumbani na chuoni: kuchunga wakati, kumtii mwalimu, kutunza amana, kustahimili kushindwa. Hakuna anayemtaka binti awe bingwa. Anatakiwa ajaribu, ashiriki, na aonekane akipiga hatua kutoka pale alipoanzia.

Udhuru na mazoea

Dini yetu imetufundisha kwamba udhuru ni jambo la kweli na lina hukumu zake. Lakini si kila tunachokiita udhuru ni udhuru. Mtoto mwenye homa ana udhuru. Mtoto asiye na nguo ya stara ana haja, na haja hutimizwa. Mtoto anayekalishwa kwa sababu dada zake pia walikalishwa hana udhuru. Hayo ni mazoea tu.

Wala tusidhani kwamba kumzuia binti kutumia mwili wake ni uchamungu zaidi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, na siku nyingine akashinda Mtume. Na katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha sahaba aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Haki hiyo wanayo wana wetu wa kiume na wa kike sawia.

Tena umri huu ndio umri wa kujenga. Mifupa huweka nguvu zake nyingi katika miaka ya kubaleghe, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Hebu tuihesabu siku ya binti yetu: asubuhi shule, alasiri chuo, magharibi jikoni, usiku kazi za shule. Kaka yake akitoka chuoni hupata nafasi ya kupiga mpira ufuoni au uwanjani. Yeye hana. Huenda kipindi cha viungo ndicho wakati pekee ambapo mwili wake hupata kukimbia, nacho ndicho tunachomnyima.

Stara haizuii mchezo

Suala la mavazi lina ufumbuzi, na fundi wa mtaani aweza kulimaliza kwa siku moja. Kinachohitajika ni suruali pana ya traki, fulana ya mikono mirefu inayofika magotini, na hijabu ya kuvutwa kichwani isiyohitaji pini, kwani pini huweza kuchoma mtu akigongana na mwenziwe. Kitambaa kiwe chepesi, chenye kupitisha hewa na kunyonya jasho, si kile kizito kinachochemka juani. Rangi ziwe za shule, ili binti aonekane mmoja wa wenzake. Mtandio mrefu unaoning'inia haufai, wala buibui, kwa kuwa huweza kumkwaza akimbiapo.

Hata viwanja vikubwa vya dunia vimekwisha kulikubali jambo hili. Shirikisho la soka, FIFA, liliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014, na lile la mpira wa vikapu, FIBA, likafuata mwaka 2017. Katika Kombe la Dunia la wanawake la mwaka 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani akiwa na hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano hayo. Ikiwa kanuni za dunia zimeruhusu, hakuna sababu ya kipindi cha Gredi ya 8 kuwa kizito zaidi.

Kuchanganyika kwa wavulana na wasichana nako kuna njia. Mzazi aweza kumwomba mwalimu kwa heshima awapange wasichana makundi yao, hasa katika michezo ya kugusana. Palipo na kuogelea, aulize mapema kuhusu mavazi, nani atafundisha na nani atakuwapo. Katiba yetu, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini, na mwalimu mwenye busara hufurahi kuambiwa kabla kuliko kuona wanafunzi wakitoweka mmoja mmoja.

Mambo ambayo mwalimu lazima ayajue

Zipo hali ambazo kunyamaza kwa mzazi huweza kuleta madhara. Mtoto mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, na mwalimu ajue inakaa wapi. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaozijua familia nyingi za Pwani, hupaswa kunywa maji mara kwa mara, kupumzika kila anapochoka, na kuepuka kujikamua kupita kiasi. Si lazima akatazwe kabisa. Ni lazima mwalimu ajue. Hali hizi ziandikwe katika barua, pamoja na ushauri wa daktari.

Siku za hedhi nazo zisifanywe siri ya aibu. Mazoezi mepesi hayamdhuru binti, na wako ambao huwapunguzia maumivu. Lakini akiumwa, awe na ruhusa ya kumnong'oneza mwalimu wa kike bila kuulizwa mbele ya darasa. Mama ndiye wa kumfundisha maneno ya kusema.

Na Ramadhani katika miaka hii huangukia muhula wa kwanza, wakati wa joto la kaskazi. Waliofunga wasikimbizwe jua kali. Kipindi chaweza kuwekwa asubuhi, au wakapewa kazi nyepesi: kanuni za mchezo, kuhesabu alama, kuwa waamuzi. Mtoto akishikwa na kizunguzungu au kichefuchefu awekwe kivulini mara moja, na akihofiwa kudhurika, sheria imempa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Ni vyema mtoto mwenyewe alijue hilo kabla ya mwezi kuandama, asije akajidhuru kwa kuona haya.

Kabla ya muhula ujao

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Umri wa miaka 12 hadi 14 ndio huo udongo. Mama na baba wakae na binti yao, waisome pamoja orodha ya somo, wampeleke kwa fundi, kisha mmoja wao aende shuleni kuonana na mwalimu kabla ya kipindi cha kwanza. Aeleze mambo matatu: mavazi yatakavyokuwa, hali ya afya ya mtoto, na mpangilio wa makundi na wa Ramadhani. Halafu aulize jambo moja: binti yangu anatarajiwa kufanya nini?

Mazungumzo hayo hayachukui nusu saa. Binti atakayevuka lango la shule akiwa na nguo yake ya stara mkobani na ruhusa ya wazazi wake moyoni, hatakuwa na haja ya kutafuta kivuli cha mwembe. Mikoba na ikae yenyewe.