Taa za LED na Rangi Isiyohitaji Kioo

Usiku usio na mbalamwezi, mtu akitazama Ziwa Tanganyika kutoka kwenye vilima vya Kigoma huona taa zimetapakaa majini, safu kwa safu, hadi mbali kuelekea Kongo. Ni wavuvi wa dagaa wako kazini. Zamani zingekuwa karabai, zinazofoka na kutoa mwanga wa kimanjano. Siku hizi nyingi ni taa za LED za betri, na weupe wake una ubluu ndani yake. Ubluu huo si bahati mbaya. Atakayeuelewa ataelewa pia kibao cha umeme kinachomwonya dereva barabarani, kwa sababu vyote viwili vimetengenezwa kwa kanuni moja.

Kabla ya LED, rangi ya taa ilipatikana kwa kuzuia. Utambi au balbu hutoa mwanga wenye rangi zote, kisha kioo chekundu huzizuia zote isipokuwa nyekundu. Sehemu kubwa ya mwanga huishia humo kwenye kioo ikawa joto. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, reli nyingi duniani zilikuwa bado zinategemea taa za mafuta zenye vioo vya rangi, na waliotengeneza vioo hivyo walikuwa na ujanja wao. Mwali wa mafuta una njano nyingi, kwa hiyo kioo cha ishara ya kijani kilitiwa rangi inayoelekea bluu. Mwanga wa njano ukipenya humo, dereva wa treni aliona kijani safi. Ujanja mzuri kwa zama zake, ila kwa taa za leo ni mtego.

LED haihitaji kioo cha kuchuja. Kiini chake ni kipande cha fuwele ambacho mara nyingi hakifiki hata milimita moja. Umeme ukipita, elektroni hushuka kutoka kiwango cha juu cha nishati hadi cha chini, na tofauti ya viwango hivyo hutoka ikiwa mwanga. Wakulima wa Kigoma wanajua mkungu wa chikichi unavyodondoka: mchikichi ukiwa mrefu, kishindo kinakuwa kikubwa. Kwenye LED, anguko fupi hutoa nyekundu, la wastani kijani, refu bluu. Kinachopanga urefu wa anguko ni mchanganyiko wa elementi: aluminiamu, galiamu, indiamu na fosforasi kwa nyekundu na njano; galiamu, indiamu na naitrojeni kwa kijani na bluu. Ndiyo maana LED nyekundu huridhika na volti 2 hivi, ilhali ya bluu hudai karibu 3.

Nyekundu ndiyo iliyotangulia. Nick Holonyak aliiwasha mwaka 1962 akiwa na kampuni ya General Electric, Marekani. Njano ikaja mwaka 1972 kwa kazi ya George Craford. Bluu iligoma. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walihangaika nayo kwa miaka mingi, na bluu yenye mwanga mkali ikaingia sokoni mwaka 1993. Mwaka 2014 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na walistahili kabisa, kwa sababu bila bluu hakuna nyeupe.

Hakuna fuwele inayotoa mwanga mweupe. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya bluu iliyofunikwa poda ya njano: sehemu ya bluu hupenya, sehemu hugeuzwa njano na poda, na macho yakipokea mchanganyiko huo huona nyeupe. Ushahidi uko wazi pale kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi. Taa iliyozimwa ikitazamwa kwa karibu, nyuma ya plastiki huonekana vidonge vidogo vya njano vimepangwa.

Ziwa lenyewe linaipendelea bluu. Tanganyika ina kina kinachofikia takriban mita 1,470 na maji maangavu. Maji hunyonya nyekundu ndani ya mita chache tu, lakini bluu husafiri mbali zaidi. Karabai ilimaliza mafuta mengi kwa kutoa joto, na mwanga wake mwingi ulikuwa wa njano na nyekundu. Basi karabai na LED zinaweza kulingana machoni pa mvuvi aliye juu ya mtumbwi, zisilingane hata kidogo kwa dagaa walio chini. Lumeni zinazoandikwa kwenye boksi la taa hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo mchana huhisi zaidi kijani kinachoelekea njano. Dagaa hakuulizwa.

Barabarani mambo yanageuka, kwa kuwa huko anayelengwa ni binadamu. Kibao cha umeme cha rangi nyingi kina nukta, na kila nukta ina LED tatu: nyekundu, kijani na bluu. Njano inayosomeka humo si njano. Ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, na mtu akisogea karibu huziona zimetengana. Njano ya taa za kuongozea magari, kwa upande wake, hutoka moja kwa moja kwenye fuwele ya njano. Jicho lina aina tatu tu za chembe za kutambua rangi, hivyo kwa mbali haliwezi kuzitofautisha njano hizo mbili. Hasara ya njano ya kuchanganya ni kwamba LED za kijani zikifa kwenye kibao, onyo la njano hugeuka jekundu. Ukali wa kila rangi nao hupangwa kwa kuiwasha na kuizima mara nyingi kwa sekunde, na ndiyo sababu kamera ya simu huonyesha vibao hivyo vikiwa na michirizi.

Majini, rangi iliyokosewa inaweza kuleta mgongano. Meli za ziwa hili, kama ile iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen na ambayo leo ni MV Liemba, hubeba taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, ili nahodha anayekutana nayo usiku ajue inaelekea wapi. Sasa fundi mwenye nia njema anatoa balbu ya zamani, anaweka LED nyeupe nyuma ya kioo kilekile. LED nyeupe ina nyekundu haba, kwa hiyo taa ya kushoto inafifia. Upande wa kulia, kioo kilichotiwa ubluu kwa ajili ya mwali wa njano sasa kinapokea bluu tele, na taa iliyopaswa kuwa ya kijani inaelekea bluu. Kushoto iwekwe LED nyekundu, kulia LED ya kijani, na nyeupe ibaki kwa mlingoti na dagaa.