Joto na Uhai wa Mota ya Mashine ya Kusaga

Mashine ya kusaga ya parokia inaposimama, akina mama hubeba mahindi hadi kijiji cha pili, na mfuko wa miradi hukosa mapato. Mara nyingi kilichoungua ni mota, kwa sababu ya joto.

Someni kibati cha mota. Herufi B maana yake nyaya za ndani zisizidi nyuzi joto 130 za Selsiasi. F ni 155. Kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza uhai wa vanishi inayokinga nyaya kwa nusu hivi.

Kwa kawaida mota hutengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Morogoro mjini, mita 500 hivi, adui ni kibanda cha bati kisicho na madirisha. Nyandira, juu Uluguru, kuna baridi, lakini hewa nyepesi ya mlimani hupoza kidogo. Msizidishe mzigo kwa kutegemea baridi.

Ndugu wanakamati, zingatieni haya:

- Umeme ukiwa umezimwa, ondoeni unga kwenye mota na feni yake kila jioni.
- Wekeni madirisha pande mbili.
- Umeme ukipungua nguvu, simamisheni kazi. Mota huvuta ampea nyingi zaidi na kuchemka.
- Fundi afunge swichi inayojikata mzigo ukizidi.

Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia mota, changieni na swichi hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kufunga upya nyaya zilizoungua.