Fahamu: Mafundo yasiyofunguka ndani ya protoni

Mtazame kijana wa bodaboda pale Nakivale, Uganda, akifunga gunia la mahindi la kupeleka Mbarara. Mpira unazunguka mara mbili, mara tatu, kisha ncha zinaunganishwa. Uvute, uusogeze, idadi ya mizunguko haibadiliki mpaka uukate. Topolojia ndiyo elimu ya mambo kama hayo, yasiyobadilika umbo linapovutwa.

Wanafizikia huhesabu mizunguko ya aina hiyo katika nguvu inayoshikilia protoni. Ili nguvu hiyo ihesabike, mwaka 1974 Kenneth Wilson, Mmarekani, alipendekeza nafasi na wakati vigawanywe vipande vipande, mfano wa nyavu za wavuvi wa Ziwa Nakivale. Kazi ngumu iko hapa: fundo, yaani mzunguko wa nguvu hiyo, likiwa dogo kuliko tundu la wavu huponyoka. Kwa hiyo kompyuta hutuliza kwanza mitetemo midogo, ndipo idadi ionekane: sifuri, moja, mbili. Mafundo hayo yanaeleza kwa nini chembe ya eta-praimu ni nzito kuliko ilivyotarajiwa.

Wewe unayesoma fizikia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, ukitaka kuhesabu mafundo hayo, anza na wavu wa vipimo viwili. Kompyuta mpakato inatosha.