Nyama Choma ya Kisii: Nani Kachinja?

Msafiri Mwislamu afikapo Kisii au Nyamira hupokewa na harufu ya nyama choma. Swali ni mchinjaji. Katika machinjio mengi ya miji ya Kenya wachinjaji ni Waislamu, lakini mbuzi wa hotelini huenda kachinjwa uani. Na muhuri wa mkaguzi, enyi mama zangu, huthibitisha afya ya nyama, si uchinjaji. Basi ulizeni bila haya.

Hoteli moja mjini ilitujibu kwa adabu. Nyama ililainika, ugali wa wimbi ulikuwa moto, na chinsaga, mboga tuiitayo mwangani, ilikuwa na uchungu wake mtamu. Ila meza ya pamoja ilizungushwa bia, nako kuketi hapo Mtume (S.A.W.) amekukataza. Tukafungiwa chakula, tukala garini.