Kisanduku cha Vitufe: Mchezo, Mkono na Wakati



Mzazi wa leo anapomwona mwanawe amekaa mbele ya kompyuta akibonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya ngoma, aghlabu hufanya moja katika mambo mawili: ama humkemea na kuuchomoa waya, ama humwacha na kuendelea na shughuli zake. Njia zote mbili zina madhara. Ya kwanza humfunza kijana kujificha; ya pili humfunza kuwa hapana mtu anayejali jinsi anavyoutumia umri wake. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni kulijua jambo kabla ya kulihukumu. Katika kurasa hizi twataka kueleza mchezo huo ni mchezo gani, na kwa nini wako vijana ambao, badala ya kununua chombo cha kuuchezea, hukiunda kwa mikono yao wenyewe. Kisha tutaitazama kheri iliyomo na khatari iliyomo.

MICHEZO YA MAPIGO

Mashine mashuhuri za michezo hii zilitoka Japani. Mwaka 1997 kampuni ya Konami ilitoa mashine iitwayo beatmania, yenye vitufe vitano na sahani ya kuzungusha mfano wa sahani ya santuri. Mwaka uliofuata, 1998, ikatoa Dance Dance Revolution, ambayo mchezaji hukanyaga mishale kwa miguu. Mwaka 2001 kampuni ya Namco ikatoa Taiko no Tatsujin, mchezo wa kupiga ngoma ya Kijapani kwa fimbo mbili. Mwaka 2005 Wamarekani nao wakatoa Guitar Hero. Kisha mwaka 2012 Konami ikatoa Sound Voltex, na hiyo ndiyo tutakayoichukua kuwa mfano wetu. Mashine hizi husimama katika majumba ya michezo ya Japani, kubwa kama makabati, na mchezaji hutia sarafu, aghlabu ya yeni 100, ndipo acheze.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitimiza. Alama huteremka juu ya kioo, na kila alama inapofika kwenye mstari, kitufe chake kibonyezwe wakati ule ule, si kabla wala si baada. Sound Voltex ina vitufe vinne katika safu moja, viwili chini yake, kimoja cha kuanzia mchezo, na viwili vya kuzungusha, mfano wa vile vya kuongezea sauti ya redio. Kioo kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde huiweka kila picha kwa muda wa takriban milisekunde 17 tu, na milisekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara elfu. Mchezaji hodari hupimwa kwa vipimo vidogo namna hiyo.

Sasa kijana aliye nyumbani ana kibodi ya kompyuta, na kibodi haina cha kuzungusha. Vyombo vinavyouzwa, vilivyo sawa na vile vya mashine, ni ghali na hujaza meza nzima. Na katika nyumba zetu meza moja ndiyo ya kulia, ndiyo ya kuandikia, na ndiyo ya kupigia pasi. Ndipo likaja wazo la kuunda kisanduku kidogo, cha kukaa mapajani au kuwekwa rafuni pamoja na vitabu.

JINSI KINAVYOUNDWA

Mwenye kutaka udogo hutumia swichi za kibodi, zile ambazo kila moja husimama peke yake. Swichi ya namna hii huingia katika tundu la mraba la milimita 14, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine huachwa milimita 19.05. Kwa hesabu hiyo swichi nne za safu ya juu huchukua chini ya sentimita 8, na kisanduku kizima chaweza kuwa na ukubwa wa kitabu cha kawaida. Bamba la juu liwe na unene wa milimita 1.5, la chuma au plastiki ngumu, kwani vishikizo vya swichi vimefanywa kwa unene huo. Anayetumia ubao hana budi kuupunguza kwa chini kando ya kila tundu, la sivyo swichi zitacheza na kung'oka. Ubavu na kitako vyaweza kufanywa kwa ubao wowote uliokauka vyema.

Moyo wa kisanduku ni kibao chenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo kabisa iliyomo ndani ya kipande kimoja. Mashuhuri katika vibao hivyo ni Raspberry Pi Pico, kilichotolewa Uingereza mwezi wa Januari 2021 kwa bei ya dola 4. Urefu wake ni kama sentimita 5, nacho kina miguu 26 ya kupokea na kutoa ishara. Kisanduku chetu chahitaji miguu 11 tu: saba kwa vitufe saba, na minne kwa vile viwili vya kuzungusha.

Kila swichi ina ncha mbili. Ncha moja huungwa na mguu wake wa pekee katika kibao. Ncha ya pili huungwa na waya wa pamoja unaopita swichi zote mpaka kwenye graundi, yaani sifuri ya umeme. Programu huamrisha kila mguu ushikiliwe juu, katika volti 3.3. Kitufe kinapobonyezwa, mguu huo hushuka hadi sifuri, na kibao hujua kuwa kidole kimefika. Ni lazima kuchunga jambo moja: waya wa USB huleta volti 5, na volti hizo zikigusa mguu wa swichi zaweza kukiua kibao.

Vitufe vya kuzungusha hukaa juu ya kifaa kiitwacho enkoda. Enkoda hutoa ishara mbili zinazofuatana kwa tofauti ya robo ya mzunguko wao. Ikitangulia ya kwanza, kibao hujua kuwa mkono umezungusha kuume. Ikitangulia ya pili, umezungusha kushoto. Kwa werevu huu mdogo, ishara mbili zisizo na maana zikiwa mbalimbali hupata maana kwa mpangilio wao.

Tusisahau usalama. Pasi ya kulehemu huwa na moto wa nyuzi 300 na zaidi, na namna nyingi za lehemu zina risasi ndani yake, ambayo ni sumu. Basi kazi hii ifanywe penye hewa, mbali na watoto wadogo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

KITUFE KINACHODUNDA

Kijana akishamaliza kuunga nyaya zake hukutana na ajabu: abonyeza mara moja, kompyuta yahesabu mara tatu. Swichi si mbovu. Vipande viwili vya chuma vinapogongana, hudunda kama mpira uangukao sakafuni, kwa muda wa milisekunde chache, kabla ya kutulia. Kibao kina kasi kubwa kiasi cha kuuona kila mdundo.

Mwenye haraka hutibu jambo hili kwa kuiamrisha programu ingoje milisekunde 5 ndipo iamini. Dawa hiyo yaponya, lakini huchelewesha kila pigo, na katika mchezo huu kuchelewa ndiyo kasoro yenyewe. Mwenye kufikiri huigeuza kanuni: mguso wa kwanza uaminiwe papo hapo, kisha migongano yote ya milisekunde 5 zinazofuata ipuuzwe. Matokeo ni kuwa kitufe hakihesabiwi mara mbili, wala hakichelewi. Kijana aliyelitafuta jibu hili kwa siku mbili, akalipata, amejifunza jambo ambalo halinunuliwi dukani: kutokuridhika na kazi iliyo nusu. Nasi Waislamu tumefundishwa na Bwana Mtume wetu, s.a.w., kuwa Mwenyezi Mungu hupenda mja afanyapo kazi aifanye barabara.

Wala kupima wakati si jambo geni kwa mtoto wa chuo. Aliyesoma tajwidi ajua kuwa madd ya asili ni harakati mbili na madd lazima ni harakati sita, na mwalimu humrudisha akipunguza au akizidisha. Hatulinganishi Kitabu kitukufu na mchezo, hasha! Twasema tu kwamba sikio lililozoezwa kuchunga kipimo katika jambo tukufu halishindwi na kipimo cha jambo dogo. Na ni aibu kwa kijana kuwa mwangalifu wa milisekunde katika mchezo, kisha akawa mzembe wa harakati katika Sura ya Alhamdu.

WALIOTUTANGULIA

Wako wanaodhani kuwa vyombo vya namna hii ni vya watu wengine, na kwamba fungu letu ni kununua tu. Dhana hiyo si kweli. Katika karne ya tisa, huko Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vyenye kujiendesha. Na mwaka 1206, katika mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakir nchini Uturuki, fundi al-Jazari alikamilisha kitabu chake mashuhuri cha ilimu ya vyombo. Humo ameeleza jahazi lenye sanamu za wapigaji, wakiwamo wapiga ngoma, walioendeshwa kwa nguvu ya maji. Gogo lenye vigingi lilizunguka, vigingi vikasukuma mikono, na mpangilio wa vigingi ndio ulioamua ngoma ilie lini. Huyo ni babu wa mashine za mapigo, na alikuwa fundi wa Kiislamu.

Lakini tuseme kweli yote. Jahazi lile lilifanywa ili kuwastarehesha wageni wa mfalme katika baraza za ulevi. Ufundi ulikuwa mzuri, na baraza ilikuwa mbaya. Hapa ndipo penye mafunzo yetu: ilimu ya mkono ni jambo moja, na kikao inachopelekwa ni jambo jingine. Mwenye akili haitupi ya kwanza kwa sababu ya cha pili, wala hakihalalishi cha pili kwa uzuri wa ya kwanza.

MASHARTI

Juu ya ala za muziki wanavyuoni wamekhitilafiana. Walio wengi katika madhehebu manne wamezikataza ala nyingi na wakaliruhusu dufu katika harusi na sikukuu. Na wako, kama Ibn Hazm, walioona wasaa zaidi. Makala haya hayatoi fatwa. Kila nyumba imwulize mwanachuoni wake, na ifuate. Ama maneno machafu na picha zisizo na haya, hayo hayahitaji kuulizwa.

La pili ni Sala. Wimbo mmoja wa michezo hii kwa kawaida ni wa dakika mbili hivi, basi hapana udhuru wa kusema haukatiki. Asiyeweza kuondoka ukiisha, huyo si mchezaji tena; amekuwa mchezewa.

La tatu ni mali. Kijana aandike hesabu ya kila swichi na kila waya kabla ya kununua, amwonyeshe mzazi wake. Wala asichukue nakala ya wizi ya mchezo, kwani kazi ya mtu ni mali yake hata kama haishikiki kwa mkono.

MATUMIZI MENGINE

Kwa kompyuta, kisanduku hiki ni kibodi ndogo tu. Kwa kubadili mistari michache ya programu, vitufe vile vile vyaweza kuamrisha usomaji wa Qurani uliorekodiwa: kimoja kusimamisha, kimoja kurudi nyuma kidogo, kimoja kwenda mbele, na cha kuzungusha kuongeza sauti. Mwanafunzi wa hifdhi aliyeshika msahafu kwa mkono wa kuume hubonyeza kwa mkono wa kushoto bila ya kuyaondoa macho yake kwenye ukurasa. Kadhalika, mtu mwenye mkono dhaifu, asiyeweza kutumia kibodi ya kawaida, aweza kufanyiwa vitufe vikubwa kwa ilimu hiyo hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa chombo chenye matundu 19 ya kuungia swichi za nje kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu. Katika mitaa yetu hawakosekani ndugu wanaohitaji msaada wa namna hii, na pengine hawajui kuwa kijana wa jirani aweza kuwafanyia.

Basi, ewe mzazi, mwanao akikujia na karatasi aliyochora matundu saba, usiichane. Keti naye, mwulize kila waya wakwenda wapi, mwekee masharti yaliyo wazi, na kisha mpe kazi ya pili: akimaliza chake, amwundie kingine babu yake au mwenzake wa chuoni. Nawe kijana, adhana ikilia, mkono uliokijenga kisanduku ndio huo huo unaoweza kukizima.

Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.