Mama wa Olenguruone na Namba Yake ya Siri

Msomaji wa pwani akitajiwa Olenguruone huenda akadhani ni mlima wa Umasaini. La, ni mji mdogo ulio juu ya miteremko ya Mau, upande wa Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru. Ni nchi ya chai, viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake sisi tuliokulia Mji wa Kale hatuna neno la kuitajia. Nilifika huko kwa kupitia Molo na Keringet, nikifuatana na rafiki yangu mmoja, Mkipsigis, ambaye kazi yake iko Mombasa na mamake yuko huko juu.

Safari yenyewe haikuwa ya furaha. Kila mwisho wa mwezi bwana huyu alikuwa akimpelekea mamake shilingi 3,000 kwa simu, na kila mwezi mama akisema zimefika pungufu. Mara nusu, mara robo. Mwana alihesabu, akahesabu tena, mwishowe akamwambia mamake kwa simu neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Tangu siku ile walikuwa hawajasemezana, na wiki saba zilikuwa zimekwisha kupita.

Tulipokewa kwa "chamgei", tukaketishwa karibu na moto, nikapewa maziwa ya mursik yaliyogandishwa kibuyuni, yenye rangi ya majivu kwa sababu kibuyu husuguliwa kwa mkaa. Niliyanywa yote. Kisha mama akaenda chumbani akarudi na kopo la sukari. Ndani ya kopo mlikuwa na leso, na ndani ya leso simu.

Mama hajui kusoma. Kiswahili anakisema kwa kukiokoteza, lakini Kipsigis ndicho anachofikiria nacho. Simu akiisikia ikilia mlio mfupi anajua pesa zimeingia, basi huifunga lesoni na kwenda nayo dukani kwa wakala, na huko humpa mjukuu wake amalize kazi. Nilimwuliza namba yake ya siri aliikumbukaje. Alinionyesha hewani kwa kidole: hapa, hapa, teremka, rudi. Hakuikariri kama tarakimu. Aliishika kama mtu anavyoshika mshono wa ukili. Na mjukuu aliijua, muuza duka aliijua, na jirani mmoja pia. Kwa mama siri ni jambo unalomficha adui, na hao si adui zake.

Yafaa tukumbuke jinsi mambo haya yalivyokuja kwa haraka. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kabla ya hapo pesa za wazee zilisafiri katika bahasha mkononi mwa dereva wa basi, au kwa hundi ya posta, na kila mahali palikuwa na uso wa mtu wa kuulizwa. Leo uso huo haupo, bali kuna maandishi. Kweli, orodha ya huduma waweza kuiweka kwa Kiswahili badala ya Kiingereza, lakini kwa asiyesoma hizo ni lugha mbili za ububu. Wala tusiwacheke watu wa bara. Mabibi zetu wangapi walioandika Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, wakatunga na kupelekeana barua, leo wamekuwa wajinga mbele ya kidude cha kiganjani kwa kuwa hakisemi nao kwa herufi zao?

Rafiki yangu aliketi akaanza kusoma risala zote zilizomo, moja baada ya moja. Haukupita muda nikamwona amenyamaza. Kumbe mjukuu alikuwa ameifungulia ile simu huduma ya mkopo, ile inayokujazia pale salio linapopungua, akawa anajinunulia bando za kutazamia mpira. Kila pesa za Mombasa zikiingia, deni hukatwa kwanza pamoja na ada yake, na kinachobaki ndicho cha mama. Kama ada hiyo ni riba au si riba, hilo nawaachia masheikh. Kwa vyovyote, kitufe cha kukubali kilibonyezwa, na aliyekubali kwa jina ni mama.

Ardhi hiyo ina habari zake katika mambo ya kukubali masharti. Kuanzia 1941 serikali ya kikoloni ililetea Olenguruone Wakikuyu, ikataka wafuate amri zake juu ya mazao ya kupanda na juu ya nani arithi shamba. Walikataa katakata, wakala kiapo, na kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengi wakipelekwa Yatta. Wale angalau walisomewa walichokuwa wakitakiwa kukikubali.

Mwana alimweleza mamake kwa Kipsigis, polepole, bila kumtazama usoni. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja, nami nikatafsiriwa: "Kwani barua zote hizo nilikuwa nimeandikiwa mimi?" Zilikuwa zaidi ya arobaini. Rafiki yangu akainuka akatoka nje, na alikawia huko.

Jioni mjukuu aliporudi na ng'ombe, nilitazamia kelele. Bibi yake alimmiminia chai kwanza, akamwacha anywe hadi mwisho, ndipo akamwambia maneno machache ambayo hakuna aliyenitafsiria. Kijana alilia.

Asubuhi deni lililobaki lililipwa, huduma ile ikafungwa, na mwana akaifikisha simu hadi pale inapotakiwa namba mpya ya siri. Alinyosha kidole amsaidie. Mama aliichukua simu, akazunguka nyuma ya zizi, akakaa huko kitambo tukimsubiri baridini. Aliporudi alikuwa akiifunga lesoni.

"Sasa," akamwambia mwanawe, "hata wewe huijui."

Ndiyo mara ya kwanza niliyowaona wakicheka.